Marekani ni Nguo, Marekani ni Nchi

Neno Marekani katika lugha yetu lina maana mbili. Ya kwanza ni ile nchi kubwa iliyo ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Ya pili ni nguo, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, ambayo bibi zetu waliijua kwa kuigusa tu. Wengine huiita amerikani, wengine merikani, lakini nguo ni ile ile. Kijana wa leo ajua maana ya kwanza. Mzee ajua zote mbili. Juma hili nitazisema zote, kwa sababu asiyejua habari ya nguo hataifahamu vema habari ya nchi.

Tangu nilipoanza kuandika katika ukurasa huu juu ya kujifunza Kiingereza, maswali mengi hunifikia, mengine kwa barua, mengine njiani nitokapo kazini, hapa Bamburi na kule Kisauni. Kwanza watu waliniuliza juu ya sarufi. Siku hizi wauliza juu ya watu wenyewe. Kiingereza tulichofundishwa shuleni ni cha Waingereza, lakini kile ambacho kijana hukisikia kutwa kucha katika filamu, katika nyimbo na katika simu yake ni cha Wamarekani, na akisikiliza sana huona mambo yasiyopatana. Mmoja aliniuliza hivi: "Wamarekani husema watu wote ni sawa, mbona walikuwa na watumwa? Husema kila mtu ajitegemee. Mbona wao ndio wenye kutoa michango mingi? Humchekea kila mtu. Mbona kesho yake hawakukumbuki?" Swali hilo si la sarufi, lakini ni la lugha, maana maneno ya watu hayafahamiki ila kwa kujua mambo yao.

Nianze na jambo dogo, ambalo hata hivyo limemgharimu mtu fedha. Jirani yangu mmoja, kijana, alikuwa mhudumu katika hoteli ya ufuoni. Alimhudumia mzee mmoja wa Kimarekani na mkewe kwa juma zima, wakapendana. Siku ya kuondoka yule mzee alimshika mkono akamwambia kwamba lazima siku moja aje awatembelee kwao. Kijana alilipokea neno lile kama tunavyolipokea sisi neno la mtu mzima. Alitafuta pasipoti, akalipa ada ya viza, ambayo hairudishwi, akakopa kwa mjomba wake, kisha akaandika barua kuwajulisha mwezi atakaofika. Jibu lilikuwa la upole mwingi. Walifurahi kupata habari zake, walimtakia heri, walimsalimia mama yake. Juu ya safari hawakutia neno. Viza hakupata, na deni la mjomba alilipa kwa miezi kumi na minne. Barazani watu walisema wale wazee ni waongo. Mimi sikubali.

Kwa Mmarekani, kusema "lazima uje" pasipo kutaja siku wala saa ni namna ya kusema "nimekupenda". Mwaliko wa kweli una siku yake, saa yake na mahali pake, na mara nyingi huandikwa. Wala si desturi ngeni kwetu. Mtu akipita mlangoni nasi tumezunguka sinia, twamwambia "Karibu!" naye hujibu "Starehe" akaenda zake. Mgeni wa Ulaya akiisikia karibu ile, akavua viatu, akaketi, akala, hakuna atakayemfukuza, lakini mama aliye jikoni atajua la kufanya na sufuria iliyobaki. Karibu ile si uongo. Ni heshima, na kila aliyezaliwa hapa ajua mpaka wake. Basi "lazima uje" ya Mmarekani ni karibu ya mlangoni, na aliyezaliwa kule ajua mpaka wake vilevile.

Salamu zao ni hivyo hivyo. Mmarekani akuulizapo hali yako huku akipita, hataki habari za goti lako linalouma, na wengi wetu humlaumu kwa hilo. Lakini mtu mwenye homa akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", na aliyefiwa akiulizwa habari za nyumbani husema "Njema" kwanza, kisha ndipo aeleze msiba. Tofauti ni kwamba sisi baada ya ile njema hutua tukangoja. Yeye amekwisha fika mbali. Kinachotuudhi ni haraka yake.

Jambo jingine ni kipimo cha sifa. Walimu wetu wa misheni walitufundisha Kiingereza cha watu wachache wa kusifu. Mwalimu alipoandika chini ya insha yako kwamba si mbaya, ulikwenda bwenini ukiruka. Mmarekani akipewa chai yenye maziwa ya kutosha husema ni ya ajabu. Basi kijana aliyezoea kipimo cha Mwingereza, akisifiwa hivyo, hudhani amekwisha pandishwa cheo. Na Mmarekani akisoma barua ya Mwingereza isemayo kwamba kijana huyu si mbaya, huiweka kando akatafuta mtu mwingine. Lugha ni moja, mizani ni mbili.

Tena kuna majina. Katika ofisi zetu karani hamwiti mkubwa wake kwa jina alilopewa na mamaye. Huko Marekani mkubwa aweza kukuambia siku ya kwanza kwamba umwite Bob, akaketi juu ya meza yako akacheka nawe. Mgeni huona furaha, akadhani kwamba daraja haipo. Ipo. Katika majimbo yote ya nchi ile isipokuwa Montana, kanuni ya kawaida ni kwamba mwajiri aweza kumwachisha kazi mtu asiye na mkataba maalumu pasipo kumpa sababu yoyote, maadamu sababu iliyo moyoni mwake si ile iliyokatazwa na sheria, kama rangi au dini. Kwetu twamwita mkubwa Bwana na twasimama aingiapo, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka amweleze mtumishi sababu na amsikilize kabla ya kumfukuza. Yupi basi aliye karibu na mkubwa wake zaidi? Jibu si rahisi, nami nalitafakari kila nionapo filamu ya Kimarekani yenye ofisi ndani yake.

Hapa nitie neno kwa vijana wa hoteli. Mmarekani hutoa bakshishi hata pale ambapo Mwingereza husema asante tu, nanyi husema ni ukarimu. Ukarimu umo, lakini imo na sheria. Tangu 1991 sheria ya taifa zima humruhusu mwenye mkahawa kumlipa mhudumu apokeaye bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi iijaze mpaka kima cha chini cha kawaida. Baadhi ya majimbo yameagiza zaidi. Kwa hiyo Mmarekani amelelewa akijua kwamba asipotoa, mhudumu hana mshahara. Atoapo hapa Bamburi, hufuata mazoea ya kwao. Msidhani amewapenda kuliko wengine wote, wala asiyetoa msidhani amewachukia.

Mambo haya ni ya mlangoni. Lile swali la watu sawa na watumwa ni la ndani ya nyumba, nalo ndilo linaloturudisha kwenye nguo.

Tarehe 4 Julai 1776 makoloni kumi na matatu ya Marekani yalitangaza kwamba yameachana na mfalme wa Uingereza, na katika tangazo hilo yaliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Aliyeshika kalamu ni Thomas Jefferson, ambaye katika maisha yake aliwamiliki watumwa zaidi ya 600. Jambo hili si siri iliyofichuliwa na maadui. Wamarekani hulifundisha shuleni kwao, na bado hubishana juu yake.

Miaka hamsini na saba baadaye, yaani 1833, mjumbe wao Edmund Roberts alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa Marekani. Waingereza hawakuweka wao hata 1841. Merikebu za Salem zilileta nguo, zikachukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ile ilikuwa imara, nayo ilipendwa hata ikaitwa kwa jina la nchi ilikotoka. Jora zake zilibebwa kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, zikawa fedha: kwa mikono kadha ya marekani msafiri alinunua chakula, alilipa hongo kwa watemi, alilipa wapagazi wake. Stanley alipoondoka pwani mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alichukua mizigo kwa mizigo ya nguo hiyo, maana bila nguo hakuna njia.

Sasa tuulize pamba yenyewe ilitoka wapi. Viwanda vilikuwa Massachusetts, katika Salem na Lowell na miji mingine, na mahakama za jimbo hilo zilikuwa zimekwisha ukataa utumwa tangu 1783. Wafumaji wengi wa Lowell katika miaka ile walikuwa wasichana waliotoka mashambani, wakilipwa ujira. Lakini pamba haioti Massachusetts. Ilitoka kusini, ilikopandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa weusi. Ikafumwa na watu huru, ikavuka bahari, ikabadilishwa huku kwetu kwa pembe zilizobebwa mabegani mwa watu. Wanyamwezi wengi waliobeba walikuwa watu huru waliolipwa. Lakini watumwa nao walibeba. Pembe zile zilikwenda katika jimbo la Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vitana na vile vipande vyeupe vya kupigia kinanda.

Na katika Deep River alikuwako George Read, mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo ya pembe. Mtu huyu aliuchukia utumwa, na nyumba yake ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka kutoka kusini. Je, alikuwa mnafiki? Mimi sidhani. Alimwona mtumwa aliyebisha mlangoni pake, akamfungulia. Yule aliyeibeba pembe kutoka bara hadi pwani hakumwona kamwe, wala hakuna aliyemletea habari zake pamoja na mzigo. Nimemtaja kwa sababu wengi wakisikia neno la kupingana hudhani ni watu wawili, mwema na mwovu, wanaoishi nchi moja. Mara nyingi ni mtu mmoja.

Kuna kisa kingine cha zama zile ambacho napenda kukisimulia, kwa kuwa chatuhusu. Mwaka 1840 Sayyid Said alituma merikebu yake, Sultana, hadi New York, na pamoja nayo mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Ilikuwa na pembe, karafuu, kahawa, tende na ngozi, na tena zawadi za Rais Martin Van Buren, farasi wawili wa Kiarabu miongoni mwazo. Watu wa New York walijaa kuwatazama mabaharia wale. Merikebu ilikuwa imechakaa kwa safari, nayo serikali ya Marekani iliitengeneza katika karakana ya jeshi lake la majini pasipo kudai malipo. Hayo ni makaribisho mema. Lakini zawadi Rais hakuweza kuzipokea, kwa sababu katiba ya nchi yakataza mwenye cheo kupokea kitu kwa mfalme wa kigeni pasipo idhini ya Baraza la Kutunga Sheria. Baraza likaamua ziuzwe, na fedha ziingie katika hazina.

Fikirini jambo hilo kwa macho ya mtu wa pwani. Mtu amesafiri miezi baharini, ameleta farasi, na mwenye nyumba asema: asante, lakini wataenda mnadani. Kwetu ni kumvunjia mgeni heshima. Kwao ilikuwa ni kuilinda nchi isinunuliwe, nami kama mtumishi wa serikali nakiri kwamba sheria ile naihusudu. Hata hivyo, katika mwaka huo huo wa 1840, hesabu ya watu iliyofanywa na serikali hiyo hiyo ilionyesha kwamba karibu watu milioni mbili na nusu nchini mwake walikuwa mali ya watu wengine. Farasi wawili walihesabiwa kuwa hatari kwa uhuru wa nchi. Watu milioni mbili na nusu waliandikwa katika daftari. Ahmad bin Naaman alichorwa picha kwa rangi na Edward Mooney, akiwa na kilemba, na picha hiyo iliwekwa katika makumbusho ya Salem, mji wa wale wale waliotuletea nguo.

Vita vya Wamarekani wao kwa wao, vya 1861 hadi 1865, viliikata pamba, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi yake masokoni. Utumwa ulikatazwa katika katiba yao mwaka 1865. Jina la nguo likabaki kwetu.

Lakini tusinyoshe kidole upesi. Atokaye Bamburi kwenda kisiwani hupita mahali paitwapo Kengeleni. Kengele ile ni ya Freretown, makazi ya watumwa waliowekwa huru, yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875, miaka kumi baada ya utumwa kukatazwa Marekani. Watu wale walikuwa wakinunuliwa na kuuzwa katika pwani hii hii, na sheria ya kuukomesha utumwa pwani yetu haikutoka hata 1907. Nasi pia tulikuwa na maneno mazuri juu ya utu na udugu, na tuliyasema misikitini na makanisani na barazani. Basi amwulizaye Mmarekani "mbona" ajiandae kuulizwa.

Tuje kwa wanafunzi, maana wapo wasomaji wanaotaka kwenda kusoma huko, nao ndio ninaowawazia zaidi. Mwaka 1959 Tom Mboya alifanya mpango wa kuwapeleka vijana wetu katika vyuo vya Marekani, kwa kuwa nafasi hapa zilikuwa chache mno. Ndege ya kwanza, mwezi wa Septemba, ilichukua wanafunzi 81, na kufikia 1963 waliopelekwa kwa mpango huo kutoka Afrika ya Mashariki na nchi jirani walikuwa karibu 800. Waliotangulia kuwaomba Wamarekani mchango wa nauli ni Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mchezaji wa filamu, wote watu weusi. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Angalieni basi: watu ambao katika miji mingi ya kusini hawakuruhusiwa kulala hotelini wala kula mkahawani pamoja na wazungu, ndio waliowachangia watoto wa watu wengine waje wasome katika nchi hiyo hiyo. Na yule aliyeniuliza juu ya kujitegemea na michango, jibu lake ni hapa. Mmarekani hapendi aagizwe na serikali kutoa. Akiombwa na mwenziwe hutoa. Harambee yetu ingemfaa sana, ila asingependa iitishwe na chifu.

Katika safari ya 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Muta, aliyekuja kujulikana kwa jina la Wangari Maathai. Alikwenda Atchison, katika jimbo la Kansas, katika chuo cha masista wa Kikatoliki. Katika kitabu chake Unbowed, cha 2006, ameeleza kwamba walipokuwa njiani kwa basi, katika jimbo la Indiana, waliingia mkahawani kununua kinywaji, wakaambiwa kwamba waweza kununua lakini hawawezi kuketi, kwa sababu ya rangi yao. Hawakuwa wamemaliza hata safari ya kwanza. Kisha akafika Atchison, na masista wakampokea kama binti yao. Alipata shahada mwaka 1964, akaendelea Pittsburgh, akarudi nyumbani, na 2004 akapewa Nishani ya Amani ya Nobel. Mkahawa wa Indiana na chuo cha Kansas vyote ni Marekani. Kama angaliusadiki mkahawa peke yake, angaligeuka akarudi. Kama angalikisadiki chuo peke yake, asingaliifahamu nchi aliyokaa karibu miaka sita.

Mwaka ule ule wa 1959, ingawa si kwa ndege ya Mboya, Barack Obama wa Nyanza alikwenda kusoma Hawaii. Mwaka 1961 alimwoa huko mwanamke mzungu, na wakati huo ndoa kama hiyo ilikuwa kosa la jinai katika majimbo mengi. Mahakama Kuu haikuzifuta sheria hizo hata 1967. Mwaka 2008 mwana wao alichaguliwa kuwa Rais wa nchi nzima, nasi Kenya tukapewa siku ya mapumziko, tarehe 6 Novemba. Naam, watu walisema sasa mambo yamekwisha. Mwezi wa Mei 2020 George Floyd, mtu mweusi asiye na silaha, aliuawa na askari polisi katika mji wa Minneapolis, jioni, watu wakitazama, na miji mingi ikajaa waandamanaji wa kila rangi.

Msomaji atasema: basi maneno ya 1776 yalikuwa ya bure. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wa barazani. Mnakumbuka ule mwaliko usio na siku wala saa? Tangazo la 1776 lilikuwa mwaliko wa namna hiyo. Watu wote mnakaribishwa. Siku haikutajwa, na wengi waliolitia sahihi hawakukusudia kuitaja. Lakini mambo yaliyofuata yalifanywa na wale walioachwa nje, ambao walikataa kulihesabu neno lile kuwa karibu ya mlangoni. Mwaka 1852 Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka, alialikwa katika mji wa Rochester kuhutubia juu ya sikukuu ya uhuru wao, naye akawauliza mbele ya mkutano sikukuu hiyo yamhusu nini mtumwa. Tarehe 28 Agosti 1963 Martin Luther King alisimama Washington mbele ya watu wapatao robo milioni, akayataja maneno yale ya 1776 kama deni ambalo halijalipwa. Wote wawili waliyashika maneno ya Jefferson, wakayapeleka kwa wenyewe kama mtu anavyopeleka hati, wakauliza: siku gani, saa ngapi?

Kwa hiyo mwanafunzi asikiapo Mmarekani akisema uhuru, au haki, au watu sawa, asiulize tu kama ni kweli au uongo. Aulize nani asemaye, na ataka nini. Kinywani mwa mmoja ni sifa ya nchi iliyokwisha fika. Kinywani mwa mwingine ni dai la kitu ambacho hajapewa. Neno ni moja, na kamusi haitakuonyesha tofauti.

Sasa mambo ya daftari, maana barua za kuomba nafasi za masomo zinaandikwa, nami huona makosa. Noah Webster alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, naye alipenda Wamarekani wawe na maandishi yao wenyewe. Kwa hiyo wao huandika "color" na "center" pale ambapo sisi tulifundishwa "colour" na "centre". Mitihani yetu yafuata maandishi ya Waingereza. Vyuo vyao vyakubali yote mawili. Kisichokubalika ni kuchanganya katika barua moja. Waliachana na mfalme lakini wakabaki na maili zake na ratili zake. Na hao hao mwaka 1792 waliamua kwa sheria kwamba dola iwe na senti mia, jambo ambalo Waingereza hawakulifanya katika fedha yao hata 1971. Wala msishangae kwamba nchi hiyo ya Kiingereza haikuwa na lugha rasmi ya taifa kwa karibu miaka 250. Amri ya Rais ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ilitoka Machi 2025, na katika nyumba nyingi huko Kihispania kinaendelea kuzungumzwa mezani.

La mwisho ni tarehe, na hili nawaomba mlishike. Sisi twaandika siku kwanza, kisha mwezi. Wao huandika mwezi kwanza. Sikukuu yao ya tarehe nne Julai wao huiandika 7/4, nasi tukiisoma ni tarehe saba Aprili. Nimeiona fomu ya kijana mmoja wa Mtopanga ambaye tarehe yake ya kuzaliwa katika cheti ni moja na katika maombi ya chuo ni nyingine, miezi mitano kati yake, na aliyeipokea alitaka kujua ni watu wangapi. Andikeni jina la mwezi kwa herufi, kamili, kila mahali pasipo na visanduku vya tarakimu. Penye visanduku, someni kwanza maandishi madogo yaliyo chini yake.

Juma lijalo, nikijaaliwa, nitamjibu msomaji wa Likoni aliyeuliza namna ya kuandika barua ya kukataa mwaliko kwa Kiingereza pasipo kumwudhi aliyekualika.